Paka wa Stoo

Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, Temeke, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu ya udaktari wa mifugo serikalini, kisha akanisihi nisiwe mrefu kwa kuwa chakula kitakuwa kimeiva. Nikamjibu kwamba nitazungumza juu ya kinyesi cha paka. Hakunijibu tena. Basi leo natimiza ahadi, na wale wanaosikia harufu ya pilau wanisamehe.

Tuliokuwa hapa mwaka 1996 tunawakumbuka paka wa stoo. Siku hizo tulipikiwa chakula cha mchana kwa michango ya wazazi, na stoo ya unga na maharage ilikuwa nyuma ya jiko. Panya walikuwa wengi mno. Mlinzi wetu, mzee mmoja wa Rufiji ambaye sote tulimwita Babu, ndiye aliyeleta paka jike wa kwanza akamtia stoo, na baada ya miaka miwili paka wakawa saba. Unga ukasalimika. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na kiranja wa stoo, cheo kilichonipa funguo na ukoko.

Wakati wa masika mwaka huo, paka mmoja mdogo alianza kutapika povu la njano. Akaharisha. Akawa anainamia bakuli la maji bila kunywa, kama mtu aliyesahau alichokifuata. Siku ya pili akafa. Katika muda wa siku tisa wakafa watano, wote wadogo. Walibaki wawili tu: yule jike mzee, aliyekuwa na mimba, na paka shume mmoja mwenye masikio yaliyochanika.

Kufika siku ya tatu, neno "sumu" lilikwisha zunguka madarasa yote. Chumbani kwa Babu ikaonekana pakiti ya sumu ya panya. Wala hakuificha, ilikuwa dirishani. Ikakumbukwa tena kwamba alipata kulalamika kuwa paka wanajisaidia juu ya mkeka wake. Wakubwa wakasema: lisemwalo lipo. Ikaundwa kamati, nami nikaitwa kutoa ushahidi kwa kuwa ndiye mwenye funguo.

Niliulizwa swali moja: "Ulimwona akichanganya sumu na dagaa?" Ndugu zangu, Jumatatu nilimwona Babu ameshika ile pakiti. Jumatano nilimwona akiwapa paka vichwa vya dagaa, kama alivyozoea. Nikaziunganisha siku hizo mbili zikawa moja, nikajibu: "Ndiyo." Sababu ninayo, na haipendezi. Wiki mbili kabla ya hapo Babu alinikamata nikiruka ukuta kwenda kutazama mpira, akanipeleka kwa mwalimu wa zamu, nikachapwa viboko. Babu alifukuzwa kazi mwisho wa mwezi. Alibeba mkeka wake na sanduku moja, akatoka kwa lango lile lile alilolilinda.

Wiki chache baadaye jike mzee akazaa watoto wawili. Walipofungua macho na kuanza kutembea, tukaona jambo la ajabu. Walikuwa wakiyumba, miguu wameitanua, na vichwa vikitikisika kila walipolenga chakula. Walikula vizuri na wakakua, lakini hawakuweza kutembea sawasawa hata siku moja. Tuliwapa jina la Walevi. Tulicheka sana.

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Siku hiyo mwalimu alifundisha ugonjwa wa paka uitwao panleukopenia. Akataja dalili zake: kutapika povu, kuharisha, kuinamia maji bila kunywa, na kufa upesi. Akasema kwamba unaua zaidi paka wadogo, ilhali wakubwa waliokwisha upata na kupona hubaki na kinga. Akasema kwamba vifo huja kwa mfululizo, kwa kuwa huchukua siku kadhaa tangu paka aambukizwe hadi augue, na kwamba kwa ajili hiyo watu wengi, nchi nyingi, hudhani paka wao wametiliwa sumu. Mwishoni akasema kwamba paka jike mwenye mimba anaweza asionyeshe dalili yoyote, lakini virusi hupita kwenye kondo la nyuma vikawaharibu watoto ile sehemu ya ubongo inayosawazisha mwendo. Mwalimu akaiga jinsi watoto hao wanavyotembea, miguu ikitanuka na kichwa kikitikisika. Darasa zima likacheka isipokuwa mimi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niwaeleze vijana virusi hivi ni nini na vinatafutwa namna gani, maana bila kulielewa hilo hawataona kosa letu lilikuwa wapi.

Virusi vya panleukopenia ni vya jamii ya parvovirusi. Parvo ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kidogo. Upana wake ni kama nanomita 20. Ukivipanga 50,000 kwa mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja. Haviwezi kujizalisha vyenyewe, bali huingia katika chembe za mwili zinazogawanyika upesi, na chembe za namna hiyo ziko kwa wingi katika utando wa utumbo na katika uboho wa mifupa. Utumbo ukiharibika, paka huharisha na kukaukiwa maji. Uboho ukiharibika, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua karibu kuisha, na ndiyo maana ya jina panleukopenia. Virusi hutoka na kinyesi, navyo huweza kukaa sakafuni au juu ya mkeka hata mwaka mzima. Hata paka asiyetoka nje huletewa ugonjwa na viatu vya mwenye nyumba.

Siyo hivyo peke yake vinavyokaa tumboni mwa paka. Viko virusi vya korona vya paka, ambavyo si vile vya UVIKO-19. Viko rotavirusi, astrovirusi na norovirusi. Viko hata kobuvirusi, ambavyo kwa paka vilielezwa Korea Kusini mwaka 2013. Vyote hivi vyaweza kuonekana katika kinyesi, na kwa macho huwezi kutofautisha mharo wa kimoja na wa kingine. Hapo ndipo maabara inapohitajika.

Daktari huchukua kinyesi kibichi, kiasi cha punje ya harage, akakitia katika kichupa safi, akakiweka kwenye barafu na kukipeleka maabara siku hiyo hiyo. Njia ya haraka ni kipimo cha ukanda, mfano wa kile cha mimba: ukitokea mstari, virusi vipo kwa wingi. Njia yenye macho makali zaidi ni PCR, jina ambalo wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza wakati wa UVIKO-19. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kazi yake ni kuzidisha. Mashine hupasha moto vinasaba vilivyotolewa katika kinyesi hadi karibu nyuzi 95, nyuzi pacha za vinasaba zikaachana, kisha hupooza ili kila uzi utengenezewe pacha wake. Kila mzunguko kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huwa zaidi ya bilioni moja, na kitu kilichokuwa hakionekani sasa kinaonekana. Kwa virusi kama korona, ambavyo vinasaba vyake ni vya aina ya RNA, inatakiwa kwanza kuigeuza RNA hiyo iwe DNA, ndipo kazi hiyo ianze.

PCR hutuambia kilichomo, lakini haituambii kimetoka wapi. Kwa hilo tunasoma herufi za vinasaba, moja baada ya moja, kazi ambayo Mwingereza Frederick Sanger aliionyesha njia yake mwaka 1977. Parvovirusi ina herufi kama 5,000 tu. Korona ya paka ina karibu 29,000.

Ili mwelewe faida yake, vijana, fikirini mnavyonakiliana kazi ya nyumbani. Msikatae, nasi tulikuwa hivyo hivyo. Mmoja akiandika "photosinthesisi" badala ya neno sahihi, na wa pili akanakili kwake, na wa tatu kwa wa pili, mwalimu akiona kosa lile lile katika madaftari matatu hahitaji kumchapa mtu ili ajue nani kanakili kwa nani. Wa tatu ana kosa la kwanza pamoja na kosa lake jipya. Virusi navyo hukosea vinapojinakili, na makosa hayo hurithiwa. Kwa kulinganisha makosa tunajua virusi vya paka huyu ni ndugu wa vya paka yule, au vimetoka mbali.

Kwa njia hiyo dunia iliweza kuelewa habari za mbwa. Mwaka 1978 ulitambuliwa ugonjwa mpya wa kuharisha damu kwa mbwa, ukaenea duniani katika muda mfupi sana. Vinasaba vyake viliposomwa, vilikuwa karibu sawa na vya panleukopenia ya paka. Zilitofautiana herufi chache tu, na tofauti zenye maana zaidi zilikuwa katika sehemu inayotengeneza ganda la nje, yaani ufunguo wa kuingilia katika chembe. Virusi vya mbwa vya mwanzo havikuweza kumwambukiza paka. Aina zilizofuata zikaweza tena. Kwa hiyo paka akiugua leo hapa Temeke, huenda kaambukizwa na paka mwenziwe, au na mbwa wa jirani, na herufi ndizo zitakazosema.

Kule Kupro, mwaka 2023, paka wengi walikufa kwa ugonjwa wa korona ya paka. Vinasaba viliposomwa, ilionekana kwamba virusi hivyo vilikuwa vimechukua sehemu ya ufunguo wao kutoka kwa korona ya mbwa. Ni sawa na mwanafunzi aliyenakili ukurasa mmoja kwa huyu na ukurasa wa pili kwa yule.

Hapa nyumbani, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walizisoma parvovirusi za mbwa wa vijijini na za wanyama wa mwituni katika eneo la Serengeti. Miongoni mwa walizoziona zilikuwamo zinazolingana na zile za chanjo. Maana yake ni kwamba mtu angepima kinyesi cha mnyama na kupata jibu la "ndiyo", kumbe alichokiona ni chanjo.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kufika. Kuona virusi katika kinyesi siyo kuona chanzo cha ugonjwa. Paka wengi wazima kabisa hubeba korona ya paka tumboni na hawaumwi. Paka aliyechanjwa majuzi huweza kutoa virusi vya chanjo. Daktari mzuri akipata jibu la "ndiyo" hasemi "nimemkamata". Huuliza: chembe nyeupe za damu ni ngapi? Utumbo unaonekanaje kwa hadubini? Ugonjwa ulianza lini, na walioumwa ni wakubwa au wadogo? Kuwepo kwa kitu ni jambo moja, na kosa la kitu hicho ni jambo lingine.

Ile pakiti ya sumu dirishani kwa Babu ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama sumu hiyo iliingia tumboni mwa paka. Na aibu yetu inazidi kwa sababu hatukuwa mbali na wa kumwuliza. Maabara kuu ya mifugo ilikuwa hapa hapa Temeke, na wenyeji wa hapa wote walilijua jina la Veterinari. Tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Mwaka 1996, hata bila mashine mpya, mtaalamu angempasua paka mmoja akautazama utumbo wake. Sisi tuliwazika wote watano nyuma ya mpapai, tukahukumu.

Lakini nami nisirudie kosa lile. Siwezi kusema mbele yenu kwamba nimethibitisha ilikuwa panleukopenia. Hakuna kinyesi kilichohifadhiwa, wala damu, wala utumbo. Ninachosema ni kwamba dalili, umri wa waliokufa, mfululizo wa siku tisa, na hasa wale watoto wawili waliokuwa wakiyumba, vyote vinaelekea huko, na sumu ya panya haielezi habari ya watoto wale. Ninachoweza kuthibitisha ni kimoja tu: ushahidi wangu ulikuwa wa uongo.

Mwaka 2008, nikiwa nimeajiriwa tayari, nilisikia Babu yu hai kwao Rufiji. Nikasafiri. Nilimkuta barazani akisuka ukili, macho yamefifia. Nikamwamkia, "Shikamoo Babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," wala hakunitambua mpaka nilipotaja funguo za stoo. Nikamweleza yote, ya uongo wangu na ya ugonjwa. Alikaa kimya muda mrefu, nikajua nitafukuzwa, na ningekuwa nimestahili.

Kisha akasema: "Mimi mwenyewe nilidhani ni sumu. Nilitega kwa panya, nikasema, labda paka wamekula panya waliokula sumu yangu. Miaka yote hii najiuliza." Akanyamaza tena. Halafu akaniambia: "Hebu nieleze tena habari ya wale watoto waliokuwa wakiyumba."

Nikamweleza tena. Akaniomba mara ya tatu, nikamweleza. Alikuwa akitikisa kichwa polepole na kusema, "Kumbe." Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Nilipoaga alinipa mkeka mdogo, nao ninao mpaka leo. Alifariki mwaka 2011.

Ndugu Mwenyekiti, ninamalizia kwa maombi matatu.

La kwanza ni kwa vijana. Nimeambiwa stoo ina paka tena, wanne. Nitakuja mwenyewe kuwachanja. Paka mdogo huanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Wakiharisha, msisubiri. Virusi vya panleukopenia haviwaambukizi watu, lakini kinyesi cha paka kina mengine, basi vaeni mifuko ya plastiki mikononi, nanaweni kwa sabuni. Sakafu muioshe kwanza kwa sabuni, kisha kwa ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, muiache dakika kumi. Dawa nyingi za kawaida za sakafu haziviui virusi hivi. Kinyesi kitieni katika kichupa, kwenye barafu, mniletee. Mkishindwa kunipata, Veterinari mnapajua.

La pili ni kwa sisi tuliosoma. Wengi wetu hapa ni mahakimu, wakuu wa idara na wenyeviti wa kamati. Tunapoletewa mtu na pakiti yake dirishani, tuulize ni nani aliyekipima kinyesi. Tena tumwangalie shahidi, tuulize ana ugomvi gani na mshtakiwa. Laiti mtu mmoja katika kamati ile angeniuliza hilo, ningelia pale pale nikasema kweli, maana nilikuwa mtoto wa miaka 16 na nilikuwa naogopa.

La tatu ni kwa Katibu na mhariri wa gazeti letu. Naomba mazungumzo haya yachapishwe, ili mahali pamoja katika maandishi ya shule hii ijulikane kwamba mlinzi aliyefukuzwa mwaka 1996 kwa kosa la kuwatilia paka sumu alifukuzwa bila ushahidi wa kweli, na kwamba shahidi ndiye anayesema hivyo. Jina lake halitachapishwa, kwa kuwa wanawe wameomba iwe hivyo. Lakini nimemkabidhi Mkuu wa Shule barua yenye jina hilo, naye ameniahidi kwamba itatiwa katika faili la mwaka ule, mahali penye ile barua ya kumfukuza.

Sasa tukale.